Maswali ya Wasomaji: Bustani Nyingi za Burudani kwa Msimu Mmoja na kwa Gharama Nafuu

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja: namna marafiki wanavyoweza kuzuru bustani nyingi za burudani katika msimu mmoja bila kumaliza akiba zao. Tumezifupisha kidogo, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni marafiki wanne tunaoishi katika jimbo la Ohio, Marekani. Wawili ni wanafunzi na wawili wameajiriwa. Mwaka jana tulikwenda Cedar Point mara moja, Jumamosi moja ya katikati ya Julai. Tulilipa tiketi langoni, tukalipa maegesho, tukanunua chakula mara mbili humo ndani, na hadi jioni tulikuwa tumepanda vyombo vitano tu vya burudani. Pesa tulizotumia siku ile zilituuma mwezi mzima. Msimu ujao tunatamani kufika katika bustani nane au tisa. Je, inawezekana kwa watu wa kipato cha kawaida, na je, pasi ya msimu, yaani kadi ya kuingilia msimu mzima, inalipa kweli?

JIBU: Ahsanteni kwa barua yenu, na poleni kwa Jumamosi hiyo. Mlikwenda siku yenye msongamano mkubwa, na kila kitu mkakilipia kwa bei anayotozwa mgeni anayekuja mara moja na kuondoka. Kabla hamjafikiria bustani ya pili, chukueni karatasi muandike gharama zote za siku ile, kuanzia petroli hadi kabati la kuwekea mizigo. Nadhani mtaona kwamba tiketi ya langoni ni sehemu tu ya hesabu, na pengine si hata nusu yake. Hilo ni muhimu, kwa sababu pasi ya msimu inafuta tiketi, na baadhi ya pasi zinafuta maegesho pia, lakini hakuna pasi inayowajazia tangi la gari wala kuwalipia malazi.

Kuhusu pasi yenyewe, ninyi mna bahati ya mahali mnapoishi. Cedar Point iko Sandusky, kwenye rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Erie, na imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 1870. Kings Island, iliyofunguliwa mwaka 1972, iko kusini ya jimbo hilo hilo karibu na Cincinnati, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari. Zote mbili zilikuwa mali ya kampuni ya Cedar Fair, ambayo tarehe 1 Julai 2024 iliungana na Six Flags, zikawa na bustani 42 kwa pamoja, yaani 27 za burudani na 15 za maji. Kwa mtu wa Ohio, muungano huo maana yake ni kwamba pasi ya kampuni moja inaweza kumfungulia malango mengi. Nasema inaweza, kwa kuwa pasi hizi zina ngazi: ya chini aghalabu inaruhusu bustani moja tu, ya juu inaruhusu nyingi zaidi, na maegesho hayamo katika kila ngazi. Someni masharti ya mwaka huo huo mnaonunua, kwani hubadilika, na msitegemee aliyoyapata jirani msimu uliopita.

Hesabu ya kujua kama inalipa ni nyepesi. Tuseme pasi inauzwa kwa bei sawa na tiketi mbili na nusu. Ziara ya tatu imeirudisha, na kila ziara inayofuata inawagharimu nauli na chakula tu. Tahadhari yangu ni kwamba mzihesabu zile ziara mnazozijua kwa tarehe, si zile mnazozitamani. Nimeona watu wakinunua pasi ya ngazi ya juu kwa sababu ya bustani za majimbo ya mbali, na msimu ukaisha hawajavuka hata mpaka wa jimbo lao.

Wakati wa kununua nao una uzito wake. Kampuni nyingi huanza kuuza pasi za mwaka ujao majira ya vuli, kabla msimu uliopo haujaisha, na mara nyingi mnunuzi huruhusiwa kuitumia siku zilizosalia za msimu huo. Anayenunua Septemba anaweza hivyo kupata wikiendi kadhaa za Septemba na Oktoba bila nyongeza. Ikiwa mtalipa kwa awamu za kila mwezi, ulizeni mapema kama mkataba unajirudia wenyewe baada ya mwaka, kwa sababu baadhi hujirudia, na mwanafunzi aliyekwisha kuhama mji anaweza kujikuta bado anakatwa.

Sasa nije kwenye idadi. Bustani nane au tisa zinawezekana, lakini kwa kipato mlichonieleza ningewashauri tano, tena moja kati ya hizo muirudie. Ziwekeni katika mafungu. Fungu la nyumbani ni Cedar Point, ambako mtakwenda mara tatu au nne, siku fupi fupi, bila pupa. Fungu la kusini ni Kings Island, kisha mwendo wa saa chache hadi Holiday World, katika mji uitwao Santa Claus kusini ya Indiana. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1946, ni mali ya familia, na haimo katika pasi yenu. Hata hivyo maegesho yake ni ya bure, soda na vinywaji baridi vya aina hiyo ni vya bure mchana kutwa, na hata mafuta ya kujikinga na jua hutolewa bila malipo. Mkiweka bei ya tiketi yake mezani pamoja na vitu hivyo, mtakuta siku nzima hapo inawagharimu kidogo kuliko mahali ambapo mngeingia kwa pasi na kununua kila tone la maji.

Fungu la mashariki ndilo nilipendalo zaidi, nanyi mtanisamehe nikikaa hapo kidogo. Mnaanza na Kennywood, karibu na Pittsburgh, bustani ya mwaka 1898 ambayo bado inaendesha rolakosta (reli yenye vilima ambayo viti hukimbia juu yake) ya mbao iliyojengwa mwaka 1920. Kisha mnavuka jimbo la Pennsylvania hadi Knoebels, iliyo msituni karibu na Elysburg. Knoebels haitozi kiingilio, haitozi maegesho, ina uwanja wake wa kupiga kambi, na mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu mkakila kwenye meza zilizo chini ya miti. Mnalipia kila chombo mnachopanda, na siku nyingine huuza mkanda wa mkononi wa kupandia vyombo mchana kutwa. Rafiki asiyependa kupanda hatoi hata senti langoni.

Humo mna rolakosta ya mbao iitwayo Phoenix. Ilijengwa mwaka 1947 San Antonio, Texas, katika bustani iliyofungwa mwaka 1980. Ikabomolewa ubao kwa ubao, ikasafirishwa na kusimamishwa upya Knoebels mwaka 1985. Behewa, yaani msafara mzima wa viti vilivyounganishwa, linapotoka kituoni linaingia kwanza katika handaki refu lenye giza totoro, na mnasikia tu magurudumu na vicheko vya walio mbele yenu. Mnapotoka mwangani mnakuta mmekwisha kukamata mnyororo wa kupandisha, nao unagonga ka-ka-ka chini ya miguu. Mlio huo ni wa vyuma vinavyodakia meno ya njia ili behewa lisirudi nyuma. Kinachowazuia watu wawili ni fimbo moja ya chuma iliyolazwa mapajani. Kwenye vilima vya mwisho mnainuka kitini, mkarudi, mkainuka tena, na hakuna mtu niliyempeleka pale ambaye hakutaka kurudi kwenye foleni papo hapo. Kupanda mara moja kunalipiwa kwa tiketi chache tu. Siijui burudani nyingine katika nchi ile inayompa mtu furaha kubwa namna hiyo kwa pesa kidogo namna hiyo.

Kuhusu siku za kwenda: msongamano mkubwa uko kati ya Jumatatu ya mwisho ya Mei na Jumatatu ya kwanza ya Septemba, hasa Jumamosi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku zenu, na bora zaidi ni zile za mwanzo wa Juni kabla shule zote hazijafunga, na za nusu ya pili ya Agosti shule zinapoanza kufunguliwa. Angalieni tu kalenda, kwa kuwa katika Agosti bustani nyingi huanza kufunguliwa wikiendi peke yake, vijana wanaoziendesha wakiwa wamerudi darasani. Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha gari saa tatu hadi bustani moja nikakuta lango limefungwa: kampuni fulani ilikuwa imeikodi siku nzima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Tangazo lilikuwepo kwenye kalenda yao tangu wiki mbili nyuma. Kalenda niliyokuwa nayo mimi niliichapisha Mei. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani kabla sijaiangalia kalenda usiku wa kuamkia safari, na tena asubuhi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Sisi ni kundi la watu sita, na kila mwaka tunapanga safari za bustani za burudani pamoja. Tatizo ni sisi wenyewe. Mmoja anaogopa vyombo virefu, mmoja hana pesa lakini anaona haya kusema, na wawili wanataka kukimbia kutoka chombo hadi chombo bila kupumzika. Kila safari inaishia kwa kununiana garini. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenigusa, maana wengi wanaoniuliza juu ya gharama husahau kwamba safari inayovunja urafiki ni ghali kuliko zote.

Nianze na mwenzenu asiye na pesa. Msimsubiri aseme. Kabla ya mtu yeyote kukubali safari, mmoja wenu aandike gharama nzima ya siku kwa kila kichwa, na karatasi hiyo ipelekwe kwa wote sita kwa wakati mmoja. Asiyeweza atajitoa mapema bila kuulizwa sababu, au mtachagua safari iliyo nafuu kwa ajili yake bila kumtaja. Kisha anzisheni mfuko wa pamoja tangu Januari, kila mtu akichanga kiasi kile kile kila mwezi, na mweke mhazini mmoja anayeaminika. Mfuko ulipie vitu vya wote, yaani petroli, maegesho, malazi na maji ya kunywa. Picha za kwenye vyombo, kofia, vitafunio na michezo ya kurusha pete iwe juu ya mtu mwenyewe, na asiyenunua asichekwe. Ulizeni pia kama pasi zenu zina siku za kumleta rafiki, kwa kuwa baadhi ya pasi humruhusu mwenye nayo kumwingiza mwenzake bure au kwa punguzo katika tarehe fulani. Zigaweni siku hizo kwa zamu ili isionekane ni sadaka kwa mtu mmoja.

Anayeogopa msimlazimishe hata kidogo, na msimfanye mbeba mabegi wa kundi. Muulizeni asubuhi angependa kupanda nini, kisha mpandeni naye nyote, kabla hamjakwenda kwenye vile virefu. Rolakosta za zamani za mbao ni shule nzuri kwake kwa sababu nyingi hazina urefu wa kutisha, na mtu aliyezizoea akitaka kusogea mbele atasogea kwa hiari yake.

Kwa wale wawili wakimbiaji, jibu ni kugawanyika kwa makubaliano. Wekeni mahali na saa, kwa mfano saa saba mchana mbele ya gurudumu kubwa, na ahadi hiyo iheshimiwe kama ya harusi. Nyote sita mle pamoja, mpande pamoja vyombo viwili au vitatu mlivyovichagua nyote, na saa zilizobaki kila mtu awe na mwendo wake. Jueni pia kwamba viti vya rolakosta nyingi hupangwa wawili wawili. Behewa la Millennium Force, rolakosta ya Cedar Point iliyofunguliwa mwaka 2000 ikiwa na urefu wa kwenda juu wa mita 94, hubeba watu 36 katika safu 18. Kundi la watano lazima liache mmoja akae peke yake au na mgeni, na nimeona huyo mmoja akiwa ni yule yule asubuhi hadi jioni. Ninyi ni sita, shukuruni. Mkigawanyika, gawanyikeni wawili na wanne, si watatu kwa watatu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi, nakwenda kusoma Denmark mwaka ujao pamoja na rafiki zangu wawili. Je, huko Ulaya mambo ni yale yale ya pasi?

JIBU: Pasi zipo, lakini kwanza uelewe kwamba kuna mitindo miwili ya kutoza. Mmoja ni wa bei moja langoni, kisha unapanda utakavyo. Mwingine ni wa kiingilio kidogo au hakuna kabisa, na kila chombo kina malipo yake. Hata Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, kwa miaka mingi iliuza vitabu vya tiketi za vyombo, hadi ilipohamia tiketi moja mwaka 1982. Kaskazini na katikati ya Ulaya mtindo wa pili ungali hai, nao ni rafiki wa mwanafunzi. Bakken, kaskazini ya Copenhagen, inahesabu umri wake tangu mwaka 1583 na haina kiingilio. Linnanmäki ya Helsinki, ya mwaka 1950, nayo haina kiingilio, na faida yake huenda kwenye ustawi wa watoto kwa kuwa ni mali ya wakfu. Prater ya Vienna, yenye lile gurudumu kubwa la mwaka 1897, unaingia kama uingiavyo mtaani. Tivoli ya Copenhagen, ya mwaka 1843, inatoza kiingilio, na vyombo hulipiwa mbali. Ukiwa mkazi wa jiji, kadi ya mwaka ya kuingia inaweza kukufaa, kwani bustani yenyewe na taa zake za usiku zinatosha kuwa matembezi hata usipopanda kitu. Katika mji wenye bustani ya aina hii, nendeni jioni moja, chagueni vyombo viwili tu vilivyo bora, kisha mketi.

SWALI: Je, tiketi ya kuruka foleni ni lazima? Bei yake wakati mwingine inashinda tiketi yenyewe.

JIBU: Si lazima, na kwa mtu mwenye pasi ya msimu naiona ni hasara, kwani anaweza kurudi siku nyingine. Ningeinunua katika hali moja tu: nimefika bustani ya mbali nisiyotarajia kurudi, na siku pekee niliyonayo ni Jumamosi.

Siku nyingine zote jifunze kuisoma foleni. Behewa la watu 24 likiondoka kila dakika moja na nusu, linakwenda mara 40 kwa saa, yaani watu 960. Foleni ya watu 480 mbele yako ni nusu saa. Kabla ya kuingia humo, simama uhesabu mabehewa yanayozunguka. Wakiendesha moja badala ya mawili, muda wako unakaribia kuwa maradufu, nawe ni heri uende kwingine urudi baadaye. Ukiwa tayari kukaa mbali na wenzako, tafuta njia ya mpanda peke yake, ambayo hutumika kujaza viti vilivyobaki wazi. Saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa nenda moja kwa moja kwenye chombo kilicho mbali zaidi na lango au chenye behewa chache, ukiwaacha wengine wasongamane kwenye cha kwanza wanachokiona. Radi zikianza vyombo vitasimamishwa, na watu wengi wataondoka. Ninyi kaeni chini ya paa mkiwa na makoti yenu ya mvua, kwa sababu mawingu yakipita mtakuta foleni ya saa nzima imekuwa ya dakika kumi.

Saa ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote, hasa kwenye rolakosta za mbao, ambazo wapandaji wa siku nyingi wanajua kuwa hukimbia zaidi jioni, mafuta ya magurudumu yakiwa yamepata joto la siku nzima. Kings Island kuna iitwayo The Beast, ya mwaka 1979, ndefu kuliko rolakosta zote za mbao duniani, mita 2,243 hivi, na sehemu kubwa yake iko ndani ya msitu usio na taa. Aghalabu aliyekwisha kuingia foleni kabla ya saa ya kufunga huruhusiwa kupanda, kwa hiyo fikeni pale dakika kumi kabla, mkiwa mmeshakwenda msalani na simu zenu zimo mfukoni na zipu imefungwa.